Hewa Nayo ni Pembejeo

Kati ya mwaka 1999 na 2019, mavuno ya mahindi na soya katika ukanda wa nafaka wa Marekani yalipanda kwa kiasi kikubwa. Wenye makampuni ya mbegu walijipongeza, wauza mbolea vilevile, na wakulima nao walistahili sifa yao. Kisha, mwaka 2021, watafiti wawili, David Lobell wa Chuo Kikuu cha Stanford na Jennifer Burney wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakachapisha hesabu iliyomtaja mchangiaji ambaye hakuna aliyekuwa akimtaja: hewa. Walilinganisha takwimu za mavuno za majimbo tisa na vipimo vya vichafuzi vinne, yaani ozoni, chembe laini za vumbi na masizi, dioksidi ya naitrojeni na dioksidi ya salfa. Wakaona kwamba karibu moja ya tano ya ongezeko la mavuno katika kipindi hicho ilitokana na hewa kuwa safi zaidi. Hakuna mkulima aliyeinunua hewa hiyo. Ililetwa na sheria za magari na za mitambo ya umeme, zilizotungwa kwanza kwa ajili ya mapafu ya watu.

Hesabu hiyo inatuhusu, kwa kuwa inasomeka pia kinyumenyume. Kama kuisafisha hewa kunaongeza gunia, kuichafua kunalipunguza, na sisi wa Afrika Mashariki tuko katika kuichafua. Miji inapanuka, magari yaliyotumika yanaingia bandarini kila wiki, bodaboda zimejaa hadi vijijini, madampo yanafuka moshi usiku na mchana. Lakini fungua mwongozo wowote wa kilimo chetu utazame orodha ya vitu vinavyoamua mavuno: mbegu, mbolea, maji, viuatilifu, zana. Hewa haimo. Hoja yangu ni kwamba inapaswa kuwamo, na kwamba wizara ya kilimo inayoiachia wizara ya mazingira suala hili peke yake inaweka sehemu ya mavuno ya wakulima wake mikononi mwa watu wasiojua hata kwamba wanayashika.

Nianze na uchafuzi wa aina ya zamani, ule unaoonekana kwa macho. Watu wa Lubumbashi, nchini Kongo, hawahitaji mwalimu katika jambo hili. Tanuru la kuyeyushia shaba lilianza kazi mjini humo mwaka 1911, na kwa miongo mingi pepo za kusini-mashariki ziliupeleka moshi wake upande mmoja, kaskazini-magharibi. Upande huo msitu wa miombo ulikufa. Mahali panapoitwa Penga Penga palibaki uwanda mtupu, kwa sababu vitu viwili vilikuwa vikishuka pamoja kutoka angani: gesi ya salfa iliyounguza majani, na vumbi la shaba, risasi, zinki na kadimi lililojilimbikiza udongoni. Gesi hupeperuka, metali hubaki. Watafiti wa huko wamelazimika kuotesha nyasi ya kienyeji inayoistahimili shaba, Microchloa altera, wakiuchanganya udongo na chokaa na mboji, ili angalau ardhi ifunikwe na vumbi lenye sumu lisiendelee kuruka. Na mama anayelima lengalenga, yaani mchicha, katika bustani za mji huo ana swali la ziada. Hatoshelezwi na kuona mboga imeota na kunawiri. Anahitaji kujua ndani ya jani lile mna nini.

Moshi wa namna hii ulikwishafikishwa mbele ya sheria ya kimataifa. Huko Trail, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, tanuru la risasi na zinki lilikuwa likimwaga dioksidi ya salfa iliyofuata bonde la mto Columbia, ikavuka mpaka na kuunguza mashamba na misitu ya jimbo la Washington, Marekani. Baraza la usuluhishi la nchi hizo mbili liliamua mwaka 1938 kwamba Kanada ilipe fidia ya dola 78,000, na mwaka 1941 likaweka kanuni ambayo wanafunzi wa sheria wanafundishwa hadi leo: hakuna nchi yenye haki ya kuitumia ardhi yake, au kuiacha itumike, kwa namna ambayo moshi wake utaleta madhara makubwa katika nchi nyingine.

Madai ya Trail yalithibitika kwa sababu bomba la moshi lilikuwa moja, njia ya upepo ilijulikana, na alama kwenye majani zilisomeka. Dioksidi ya salfa huacha weupe mkavu kati ya mishipa ya jani, huku mishipa yenyewe ikibaki ya kijani. Vichafuzi vingine vinavyotoka mahali panapojulikana navyo huacha saini yake. Floridi, inayotoka katika viwanda vya alumini na tanuru za matofali, hujikusanya kwenye ncha na kingo za jani mpaka zikaungua. Nchini India, wakulima wa maembe walio jirani na tanuru za matofali wanaujua ugonjwa wa tunda kuwa jeusi nchani, unaohusishwa na moshi wa tanuru hizo. Vumbi la saruji nalo hushikana na umande, likawa gamba juu ya jani, likalinyima mwanga na kuziba vitundu vyake vya kupumulia. Katika mambo haya yote, mkulima anaweza kunyoosha kidole na kusema: kimetoka pale.

Ozoni haimpi nafasi hiyo, na ndiyo maana naihofia kuliko vichafuzi vingine vyote. Tumezoea kuisikia ikisifiwa, na kwa haki, kwa kuwa tabaka lake lililo juu sana angani hutukinga na miale mikali ya jua. Gesi ni ileile, lakini ikiwa hapa chini tunapoishi ni sumu kwa mapafu na kwa majani. Tena haitoki katika bomba lolote. Injini, mitambo ya umeme na moto wa nyika hutoa oksidi za naitrojeni. Petroli inayovukiza, moshi wa kuni na mkaa, na hata miti yenyewe, hutoa gesi za kikaboni. Methani ya mifugo, ya majaruba ya mpunga na ya madampo huongezeka juu yake. Jua likizipiga gesi hizo, ozoni hutengenezwa hewani, mara nyingi kilomita nyingi kutoka kwenye chanzo chochote.

Siri hiyo ilifichuliwa California, na waliotoa taarifa za mwanzo ni mimea. Mwaka 1944 mboga za majani karibu na Los Angeles zilianza kuonyesha madhara yasiyofanana na ya dioksidi ya salfa. Mwanakemia Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyekuwa akichunguza harufu ya nanasi katika Taasisi ya Teknolojia ya California, aligeukia ukungu wa moshi uliofunika mji, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaonyesha kwamba moshi wa magari na mvuke wa mafuta, vikikutana chini ya jua, huzaa ozoni. Mwaka 1958 watafiti wa jimbo hilo walithibitisha kwamba madoa madogo yaliyokuwa yakiwasumbua wakulima wa zabibu yalisababishwa na gesi hiyo. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba madoa ya tumbaku ya mashariki mwa Marekani, yaliyodhaniwa kuletwa na hali ya hewa, nayo ni yake.

Madhara yenyewe huanzia mlango ambao mmea hauwezi kuufunga ukabaki hai. Jani ni lazima lifungue stomata, vile vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ili livute kaboni dioksidi ya kutengenezea sukari. Kitundu kikifunguka, ozoni nayo inaingia. Inapofika kwenye unyevu unaozizunguka seli hugeuka kuwa aina za oksijeni kali zinazoshambulia utando wa seli. Mmea hujitetea kwa vitamini C na kemikali nyingine, hukarabati kilichoharibika, na kazi hiyo yote hulipiwa kwa sukari ambayo ingekwenda kwenye punje na mizizi. Kimeng'enya kikuu cha usanisinuru hupungua, na jani huzeeka kabla ya wakati wake. Ni hali ya kaya inayouza chakula cha ghalani kulipia matibabu: wagonjwa wamepona, anayepita nje haoni tofauti yoyote, lakini ghala limepungua.

Ngano ndiyo inayoonyesha hasara hii kwa uwazi zaidi. Punje zake hujazwa katika wiki chache za mwisho, kwa sukari inayotoka hasa kwenye jani la juu kabisa. Jani hilo likizeeka mapema, suke linakuwa na idadi ya punje za kutosha lakini punje zenyewe ni nyembamba. Jamii ya kunde hupata pigo la pili: mizizi ikinyimwa sukari, vinundu vyenye bakteria wa kunasa naitrojeni hudhoofika, na udongo uliotarajiwa kurutubishwa na maharage hubaki na deni. Mahindi na mtama huathirika kidogo kuliko ngano, soya na maharage, ingawa havisalimiki kabisa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba shamba linaweza kuwa na ozoni nyingi kuliko katikati ya jiji. Moshi mpya wa magari una oksidi ya naitrojeni inayoila ozoni pale pale barabarani, kwa hiyo foleni ya Nairobi au Dar es Salaam inaweza kusoma kiwango cha chini. Hewa ileile ikisukumwa na upepo kwa saa kadhaa chini ya jua kali, ozoni inajengeka, na yanayofikiwa ni mashamba. Kwa hiyo vituo vya kupima hewa vilivyosimikwa kwenye makutano ya barabara, hata vikiwa vizuri namna gani, havituambii maharage ya kilomita 60 kutoka hapo yanavuta nini.

Ukubwa wa hasara umekwishakadiriwa. Kwa mwaka 2000, timu iliyoongozwa na Shiri Avnery ilikadiria kwamba ozoni iliipunguzia dunia kati ya asilimia 8.5 na 14 ya soya, kati ya asilimia 3.9 na 15 ya ngano, na kati ya asilimia 2.2 na 5.5 ya mahindi. Kwa ujumla ni tani milioni 79 hadi 121 za chakula. Kwa China, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yaliweka upotevu wa ngano kwenye asilimia 33, mpunga asilimia 23 na mahindi asilimia 9. Huko Lahore, Pakistani, majaribio ya miaka ya 1990 yalilinganisha ngano na mpunga vilivyokuzwa katika hewa iliyochujwa na vile vilivyoachwa katika hewa ya kawaida ya pembezoni mwa jiji. Hewa ya kawaida ilipunguza mavuno kwa zaidi ya theluthi moja, na hakuna aliyebadilisha mbegu, udongo wala maji.

Je, sisi tuko wapi katika picha hiyo? Mwaka 2022, Lobell na wenzake walitumia picha za setilaiti kulinganisha dioksidi ya naitrojeni na ukijani wa mashamba duniani kote. Walikadiria kwamba kupunguza utoaji wa oksidi za naitrojeni kwa nusu hivi kungeongeza mavuno ya China kwa takriban asilimia 25 kwa mazao ya majira ya baridi na asilimia 15 kwa yale ya majira ya joto. Afrika ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye gesi hiyo kwa uchache zaidi. Hiyo ni habari njema, na inatupa fursa ambayo wakulima wa bonde la Ganges na wa kaskazini mwa China hawakuipata, yaani kuzuia kabla ya kutibu.

Habari hiyo njema isitulaze, kwa sababu sisi tuna kiwanda chetu cha ozoni, nacho ni moto. Sehemu kubwa zaidi ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika. Kuanzia Juni hadi Oktoba moto wa nyika hutembea Katanga, Zambia, Msumbiji na magharibi mwa Tanzania. Kati ya Desemba na Februari zamu huhamia kaskazini ya ikweta, Sudan Kusini na majirani zake. Moshi huo hubeba gesi zote zinazohitajika, na jua letu halina upungufu. Hapa lazima niseme waziwazi kwamba wakulima na wafugaji ni miongoni mwa wanaowasha moto huo, kwa kusafisha mashamba, kuchipuza malisho, kuwinda na kurina asali. Kuna watakaojitetea kwamba moto huja wakati mahindi na maharage ya masika yamekwishavunwa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ndio msimu wa bustani za umwagiliaji za mabondeni, ambazo siku hizi ndizo fedha ya kaya nyingi, na mmea unaomwagiliwa una balaa lake. Mmea wenye kiu hufunga stomata na kuiacha ozoni nje, wakati ule uliomwagiliwa vizuri huziacha wazi mchana kutwa. Bustani inayotunzwa vizuri ndiyo inayovuta sumu nyingi zaidi.

Na zao letu la moyoni ni maharage. Yamo kwenye sahani ya Rwanda, Burundi, Uganda, Kivu, Kenya na Tanzania, nayo ni miongoni mwa mimea inayoumizwa upesi na ozoni, kiasi kwamba huko Ulaya aina mbili za maharage, moja dhaifu na moja stahimilivu, hupandwa pamoja kama kipimo cha hewa. Watafiti wa Uingereza waliokuza mazao ya Kiafrika katika vibanda vyenye ozoni ya kupimwa waliona aina za maharage na ngano zinazolimwa barani kwetu zikipoteza mavuno.

Sasa mfikirie afisa ugani anayeitwa shambani. Majani ya chini ya maharage yana madoadoa madogo ya rangi ya shaba kati ya mishipa, kisha yanageuka manjano na kupukutika. Atataja kutu, au utitiri, au upungufu wa magnesi, na mkulima atakwenda dukani kununua dawa. Kumbe kutu huacha vivimbe vyenye unga unaoshika kidole, na utitiri huacha utando na wadudu upande wa chini wa jani. Madoa ya ozoni hujitokeza zaidi upande wa juu, huanzia kwenye majani yaliyozeeka, hayana unga wala mdudu, na huonekana katika shamba zima kwa wakati mmoja baada ya siku kadhaa za jua na hewa tulivu. Somo hili ni la saa mbili darasani. Kulikosa kunamgharimu mkulima fedha za dawa isiyoponya chochote, na kunaongeza sumu kwenye chakula. Lakini afisa ugani ajue pia kwamba mavuno hupungua hata pale ambapo jani halijaonyesha doa hata moja.

Kwa hiyo la kwanza ni kupima pale chakula kinapolimwa. Tuna pa kuanzia. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo Mlima Kenya ambacho ni sehemu ya mtandao wa dunia wa kuchunguza angahewa, na Rwanda ina kituo chake Mlima Mugogo. Hivi ni vituo vya kilele cha mlima, vinavyotuambia hali ya ukanda. Vinahitaji wenzao wa bei nafuu katika vituo vya utafiti wa kilimo, na kando ya kila kipimo lipandwe tuta la maharage ya aina mbili, dhaifu na stahimilivu. Pasipo na umeme wa kuendeshea mashine za kuchuja hewa, iko kemikali iitwayo EDU, ambayo ikinyunyiziwa mmea huukinga na ozoni. Si dawa ya kumuuzia mkulima. Ni chombo cha utafiti: tuta lililonyunyiziwa na lisilonyunyiziwa, na tofauti ya mizani ndiyo hasara ya hewa. Chuo chochote cha kilimo kinaweza kulifanya jaribio hilo.

La pili ni mbegu. Watafiti wa China waliolinganisha aina za ngano zilizotolewa kwa vipindi tofauti waliona kwamba za kisasa huumizwa zaidi na ozoni kuliko za zamani, hasa kwa sababu zimechaguliwa kwa uwezo wa kufungua stomata kwa upana na kufanya usanisinuru kwa nguvu. Huenda mbegu zetu bora nazo zinafuata njia hiyohiyo. Wazalishaji wa maharage na ngano waongeze ustahimilivu wa ozoni katika sifa wanazozipima, kama walivyoongeza ustahimilivu wa ukame.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni kuzuia kwenye chanzo. Tunajua kwamba tunaweza. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua ambayo bila hiyo vichujio vya kisasa vya magari visingefanya kazi. Kilichobaki ni kuhakikisha magari yana vichujio hivyo, na kwamba having'olewi na kuuzwa baada ya gari kusajiliwa. Usimamizi wa moto wa nyika uwe sehemu ya kazi ya ugani, kwa kuchoma mapema na kwa mafungu pale inapobidi, na kwa kurudisha mabua shambani badala ya kuyateketeza. Taka zinazooza zisiachwe ziungue zenyewe madamponi. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kila tani milioni moja ya methani inayozuiwa huiokolea dunia tani 145,000 za ngano, mpunga, mahindi na soya kila mwaka, kwa kuwa methani ni mama wa ozoni.

Kutakuwa na watakaouliza kama nchi maskini zina ubavu wa kufikiria hewa ya mimea ilhali mbolea haijawafikia wakulima wote. Tutazame jinsi mbolea inavyomfikia mkulima: kwa vocha, kwa foleni, kwa wakala, na mara nyingi kwa kuchelewa. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, na majirani zetu wana za kwao. Wizara za kilimo zikidai kiti mezani kanuni hizo zinapopitiwa upya, zikaja na namba kutoka mashambani, zitakuwa zinadai pembejeo ambayo mkulima hajisajili ili aipate, haisubiri na haikopi. Mjane mwenye robo eka ataipata siku ileile anapoipata mwenye eka elfu. Sijui pembejeo nyingine inayogawanywa kwa haki kiasi hicho, na nchi inayoweza kumpa mkulima wake kitu cha namna hiyo haina sababu ya kukiacha nje ya bajeti yake ya kilimo.